Rili ya bei ya kati: inunue kwa maji yatakayoiua

Mpwa wangu alinijia Ijumaa moja baada ya Alasiri, simu mkononi, uso umemchoka kwa kusoma Wamarekani wakisifu rili, kile chombo cha kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia. Wenzake wa kazini walikuwa wamepanga safari ya Naivasha kwenda kuvua besi, naye alikuwa ametenga shilingi 15,000 za kununulia rili. "Mjomba, hawa Wamarekani kila mmoja asifu yake," akaniambia. "Huyu asema beringi kumi, huyu asema wepesi, huyu asema kasi ya gia. Nichukue ipi?"

Nikamuuliza swali moja: "Ukisharudi Naivasha, hiyo rili utaifungia kabatini?"

"La, mjomba. Nitavulia hapahapa Mombasa. Mtwapa, Tudor, na bahari ikilala nitoke nje ya mwamba."

Jibu hilo lilipindua hesabu yote. Nilikaa naye mpaka Magharibi tukiifungua rili yangu kuukuu juu ya gazeti, kipande kwa kipande, na haya ninayoandika ni yale tuliyozungumza, pamoja na machache niliyoyakumbuka alipokwisha kwenda.

Kwanza tuelewane kuhusu samaki mwenyewe. Besi wa mdomo mpana ni samaki wa maji baridi wa Amerika ya Kaskazini. Ziwa Naivasha aliletwa mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa starehe, akakubali makao. Ni samaki wa kuvizia. Hujificha kwenye majani au kando ya gogo, humrukia mawindo, na akinaswa huruka juu ya maji na kutikisa kichwa kwa hasira. Lakini hana mbio ndefu. Rekodi ya dunia, iliyowekwa Georgia mwaka 1932 na kufikiwa tena kwenye Ziwa Biwa nchini Japani mwaka 2009, ni kilo 10 na kidogo tu, na wengi wanaovuliwa hawafiki hata robo ya uzani huo. Ndiyo maana Mmarekani anaponunua rili ya spini ya kuvulia besi, hofu yake si nguvu. Anataka chombo chepesi ambacho hakitamchosha mkono akirusha chambo bandia cha gramu tano mara mia tatu kwa siku. Akimaliza huipangusa kwa kitambaa na kwenda nyumbani.

Sasa mlinganishe na kolekole wetu. Kolekole mkubwa hupita kilo 50, na hata yule wa kilo nne anayeingia kreki maji yakijaa humvuta besi wa uzani huohuo kama mtoto. Hatikisi kichwa. Hugeuka akaenda, na anakokwenda ni kwenye jiwe. Tewa naye hana haja ya mbio, shimo lake liko mita mbili kutoka hapo alipomeza ndoana, na jina Shimo la Tewa pale karibu na Mtwapa lakuambia tabia yake tangu enzi za wazee. Na juu ya yote hayo kuna chumvi.

Kwa hiyo sifa unazozisoma za rili ya besi si uongo. Zimeandikwa kwa maji mengine.

Rili ya spini, ambayo ndiyo ninayoizungumzia hapa, ni ile inayoning'inia chini ya fimbo, mkono wake wa kuzungushia ubavuni. Siri yake ni kwamba spuli yenye uzi haizunguki unaporusha. Chukua gurudumu la uzi wa cherehani, liweke wima mezani, uvute uzi kwa juu: unateleza kwenye ukingo na kutoka wenyewe, gurudumu limetulia. Alfred Illingworth, Mwingereza wa Bradford, mji wa viwanda vya nguo, aliisajili rili ya namna hiyo mwaka 1905, na wazo lilitokana na mashine za kusokotea nyuzi. Unaporudisha uzi, kinachozunguka ni rota, ile sehemu yenye kikuku cha waya, na uzi hupita juu ya gurudumu dogo mno lililo pembeni ya kikuku, ambalo mimi huliita kiroda, kabla ya kulala kwenye spuli. Chini ya spuli kuna breki, yaani washa zilizopangwa kama chapati, ambazo huachia uzi samaki akivuta kupita kiasi ulichokaza. Ndani ya tumbo kuna gia kubwa inayozungusha gia ndogo, na klachi inayozuia mkono usirudi nyuma.

Ni hayo tu. Rili ya shilingi 3,000 na rili ya shilingi 60,000 zote zina vitu hivyohivyo. Tofauti iko kwenye alichochagua mtengenezaji kutumia fedha, na kwenye bei ya kati, ambayo kwangu ni kati ya shilingi 10,000 na 20,000, hana fedha za kutosha kufanya yote. Lazima apunguze mahali. Mnunuzi akishajua kipi kilipunguzwa, nusu ya kazi amemaliza.

Nianze na kitu kinachosifiwa zaidi kuliko kinavyostahili, ili tukiweke kando: idadi ya beringi. Beringi kumi za hali ya chini ni milango kumi ya kutu. Rili yenye beringi tano nzuri, zilizokingwa, itazunguka vizuri miaka mitano ijayo, wakati ile ya kumi inakoroma kama mashine ya kusaga ya sokoni. Namba hiyo huandikwa kubwa kwenye boksi kwa sababu ni rahisi kuiandika. Ipite.

Kasi ya gia nayo haihitaji maneno mengi. Ukiona 5.2 kwa 1, maana yake mzunguko mmoja wa mkono huzungusha rota mara 5.2. Kwenye spuli ya kipenyo cha milimita 46, hiyo ni karibu sentimita 75 za uzi kila mzunguko, na 6.2 kwa 1 ni karibu sentimita 90. Kasi kubwa husaidia ukimvuta nguru kwa chambo cha kukimbiza, lakini nguvu ya kuinua hupungua, kama baiskeli kwenye gia nzito. Kwa mtu mwenye rili moja, chochote kati ya hizo mbili kinatosha.

Ukubwa ndio unaowachanganya wengi. Zile namba 2500, 3000, 4000, 5000 si kipimo cha kitu chochote kinachopimika. Kila kampuni ina ngazi zake, na 4000 ya kampuni moja yaweza kuwa pana na nzito kuliko 4000 ya nyingine. Daiwa wenyewe walibadilisha ngazi zao mwaka 2018, kwa hiyo hata ndani ya jina moja, namba ya zamani na ya sasa haziko sawa. Tazama vitu viwili visivyodanganya: uzani kwa gramu, na urefu wa uzi wa unene fulani unaoingia kwenye spuli. Mvuvi wa besi wa Marekani hushika 2500 au 3000. Kwa kreki zetu hiyo yatosha kwa changu na kolekole wadogo. Ukitaka kutoka nje ya mwamba, nahitaji kukuona na 4000 au 5000 yenye mita 200 na zaidi za uzi wa kusuka wa ratili 20 au 30. (Na ukitoka, kumbuka mipaka ya mbuga ya taifa ya baharini ya Mombasa, Mombasa Marine National Park. Ndani yake kuvua hakuruhusiwi, iwe kwa mshipi wa mkono au kwa rili ya dhahabu.)

Tukifika kwenye breki, hapo naomba tukae.

Kwenye boksi utaona breki imeandikwa kilo 10, kilo 12, hata 15, na mnunuzi hudhani kubwa ndiyo bora. Fanya hesabu. Uzi wa ratili 20 hukatika kwenye kilo 9 hivi. Mvuvi mwangalifu hukaza breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi, kwa sababu fundo hudhoofisha uzi na samaki hushtua. Hiyo ni kilo mbili na robo hadi tatu. Zile kilo 12 za kwenye boksi hutazitumia maisha yako yote na uzi huo. Swali la maana ni hili: kwenye hizo kilo mbili na nusu, breki inaachia vipi? Breki mbaya hugoma kwanza, halafu ikaachia kwa mshtuko, ikagoma tena. Katika ule mgomo wa nusu sekunde ndipo uzi hukatika. Breki nzuri huanza kuteleza kama siagi kwenye mkate moto na kuendelea hivyo mita hamsini.

Kuna jambo jingine ambalo wavuvi wa besi hawalisemi, kwa kuwa samaki wao haendi mbali. Kadiri uzi unavyopungua kwenye spuli, breki huwa nzito bila wewe kuigusa. Duara la uzi likipungua hadi nusu ya kipenyo chake, nguvu inayohitajika kuvuta huwa maradufu. Kwa hiyo kilo tatu ulizoweka ufukoni zinakuwa sita kolekole akiwa mbali, na vijana wengi wakati huohuo huingiwa na hofu na kuikaza zaidi. Samaki akikimbia sana, legeza. Ni kinyume cha moyo unavyokuambia, lakini legeza.

Washa za breki ziko za aina mbili kuu. Za sufi iliyolowekwa mafuta ni laini na nzuri kwa samaki wadogo, lakini hupata moto na kuharibika haraka kwenye mbio ndefu. Za kaboni huhimili joto. Kwa bahari yetu chagua kaboni. Rili nyingi za bei ya kati siku hizi zinazo, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu miaka ya nyuma ulikuwa ukilipia bei ya juu kuzipata.

Tumbo la rili, yaani kasha linaloshika gia, ama ni la alumini ama la plastiki iliyochanganywa na kaboni. La plastiki ni jepesi na haliliwi na chumvi. Udhaifu wake ni kupinda. Samaki mzito akivuta, kasha hujipinda kidogo, gia zinaachana kwa kiasi ambacho jicho halioni, na meno yanaanza kulana. Ziwani, kwa besi wa kilo mbili, hutaona tofauti hiyo. Kwenye mwamba utaisikia mkononi msimu wa pili. La alumini halipindi, ila ni zito kidogo na lina adui wake.

Adui huyo ndiye aliyenifanya niandike makala haya. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki ndani ya rili kama chembe, na chembe hizo huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Mombasa haijawahi kukosa unyevu. Kwa hiyo rili iliyolala kabatini mwezi mzima bado imelowa kwa ndani. Halafu ndani yake kuna alumini iliyogusana na skrubu za chuma kisichoshika kutu, na gia ya shaba au ya zinki. Metali mbili tofauti zikiwa kwenye maji ya chumvi huwa kama betri ndogo: umeme hupita, na metali iliyo dhaifu huliwa. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka skrubu ni alumini yako inayokwisha.

Niliijua habari hii kwa gharama. Rili yangu ya kwanza nzuri niliinunua kwa kusifiwa wepesi wake, na ilikuwa nyepesi kweli, rili ya besi kwa kila hali. Nikavulia Ras Serani msimu mzima wa kaskazi. Mkono ulikuwa unazunguka vizuri, nikaridhika. Sikujua kuwa kiroda kilikuwa kimekwama kwa chumvi. Kiroda kisipozunguka, uzi haubingiriki juu yake, bali unakisugua, na uzi wa kusuka ni kama msumeno. Ulikuwa umechonga mfereji kwenye kiroda, na mfereji ukaanza kuukata uzi wenyewe. Nilipompata kolekole niliyemngoja miezi mitatu, alivuta mara mbili, uzi ukakatika juu ya maji, hatua chache kutoka kwenye fimbo. Nililaumu fundo. Nilipofika nyumbani nikauona mfereji.

Kwa hiyo kabla ya kasi, kabla ya beringi, kabla ya rangi, uliza: maji yanazuiwa wapi? Rili nyingi za bei ya kati huzuia maji kwenye klachi tu, au kwenye breki tu, au hazizuii kabisa. Kampuni nyingine huandika kipimo cha kuzuia maji kiitwacho IPX, na hicho angalau kina maana ya kudumu. IPX5 ni kwamba chombo kilipigwa kwa mpira wa maji wa lita 12.5 kwa dakika kutoka kila upande bila kudhurika. IPX6 ni lita 100 kwa dakika. Hakuna kati ya hizo inayomaanisha unaweza kuizamisha, kwa kuwa kuzamisha ni IPX7 na IPX8. Na majaribio yale hufanywa kwa maji safi, rili ikiwa mpya. Mipira ya kuzuia maji huchakaa. Hata hivyo, kati ya rili mbili za bei moja, moja ina kipimo hicho na nyingine haina, mkaaji wa Mombasa asisite.

Nitaje majina machache, ili maneno yasibaki hewani. Penn Spinfisher VI ina kipimo cha IPX5 kwenye tumbo na kwenye spuli, ni ya alumini, ni nzito, na iko kwenye ukingo wa juu wa bei ya kati, mara nyingine kuuvuka. Penn Battle III ina tumbo la alumini na washa za kaboni, bila kipimo cha kuzuia maji, kwa hiyo kilichopunguzwa unakiona. Daiwa BG nayo ni ya alumini yenye gia kubwa na imara, na wengi wameipenda tangu ilipotoka. Ni rili ya kazi, ila inadai usafi wa mwenyewe. Pflueger President, ambayo wavuvi wa besi huisifu sana kwa bei yake, ni nyepesi na laini, na ningeipeleka Naivasha kwa furaha. Kuivulia Likoni sishauri.

Mpwa wangu akauliza, "Na kama nataka zote mbili? Ziwa na bahari?" Nunua ya bahari uende nayo ziwani. Rili ya bahari ziwani itakuongezea gramu mia moja mkononi na kukuchosha kidogo. Rili ya ziwa baharini itakufa. Naivasha ataenda mara moja au mbili kwa mwaka, na Mtwapa kila wiki.

Ukiingia dukani, usiridhike kuitazama ndani ya kioo. Omba uishike. Zungusha mkono polepole mno, kwa kidole kimoja, maana kasi huficha makosa. Ukisikia chembechembe kama mchanga, irudishe. Shika mkono na uutikise kando: ukicheza kidogo si neno, ukicheza sana acha. Funga kikuku kwa kidole mara kumi uone kama kinarudi palepale. Fungua breki hadi karibu na mwisho, vuta uzi, au spuli yenyewe kwa kidole, na usikilize inavyoanza. Kisha weka ncha ya kidole kwenye kiroda, ukisukume. Kama hakizunguki dukani, hakitazunguka Ras Serani. Mwisho muulize muuzaji vipuri vinapatikana wapi. Akishangaa swali, umepata jibu. Rili za bandia nazo zipo, na dalili yake ya kwanza ni bei isiyoelezeka kwa jina lililoandikwa ubavuni.

Kuhusu kuosha, nina neno moja kwa watu wa Mombasa. Wengi wetu tunaoga na kufua kwa maji ya kisima yaliyo na chumvi. Ukiiosha rili kwa maji hayo, hujaosha. Weka kando chupa ya maji matamu, lita moja na nusu yatosha. Kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye washa, mwagia rili taratibu ikiwa imesimama wima, zungusha mkono mara chache, kisha ipanguse. Usiipige kwa mpira wa maji wenye nguvu, kwa kuwa unaisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Usiitumbukize kwenye ndoo. Ikikauka, tia tone la mafuta mepesi kwenye kiroda, halafu legeza breki kabisa kabla ya kuiweka, washa zisibanane usiku kucha.

Jumatatu aliniletea aliyonunua: ya ukubwa wa 4000, tumbo la alumini, breki imekingwa maji, na chenji iliyobaki akaongezea akanunulia spuli ya pili ya rili hiyohiyo. Tukaanza kujaza. Spuli ya kwanza tukatia mita kumi za nailoni chini, kwa sababu uzi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma huteleza wote kwa pamoja, na juu yake uzi wa ratili 30 hadi ikabaki milimita mbili kufika ukingoni. Hiyo ni ya Mtwapa. Ya pili tukatia nailoni nyingi zaidi, kisha mita 120 za uzi mwembamba wa ratili 10, akaifunga kwenye soksi na kuitia mfukoni mwa begi la safari.